Baba yu hai, lakini fomu inataka nimzike

Shangazi, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda.

Najua barua nyingi unazoletewa ni za wachumba na mawifi. Yangu ni ya shule, ila imeingia mpaka ndani ya ndoa ya wazazi wangu, kwa hiyo usiiweke kando.

Nina miaka 19. Nilimaliza S.6 (kidato cha sita) kwa masomo ya Biolojia, Kemia na Hisabati, nikapata pointi 14 kati ya 20. Nafasi ya kulipiwa na serikali ilinipita. Chuo kikuu kimoja cha serikali huko Kampala kimenichukua kwa kujilipia, kusomea kazi ya maabara za hospitali. Ada ni shilingi 1,700,000 kwa muhula, na juu yake kuna 350,000 nyingine za usajili, mitihani, kitambulisho na mambo kama hayo. Hapo sijalala wala sijala.

Mama anauza mukene, yaani dagaa, sokoni. Anachukua Majanji, anaanika tena, anapima kwa kopo. Tuko wanne, mimi ndiye wa kwanza.

Baba ni dereva wa lori. Mwaka 2014 alijenga nyumba yetu ya matofali, akaezeka bati, akapaka rangi upande wa barabarani tu, kisha akaanza safari za Juba. Mwanzoni alikuwa akirudi. Halafu akaacha. Tunasikia ana mke huko. Mara ya mwisho kutuma pesa ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, shilingi 100,000. Simu ya mama haipokei. Yangu hupokea mara mojamoja, anasema "mambo magumu, mwanangu," kisha mtandao unakatika.

Sasa kuna ufadhili nimeuona umetangazwa, wa wanafunzi wa chuo wasiojiweza. Siutaji jina. Fomu inauliza kama wewe ni yatima, inataka barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), inataka picha ya nyumba, na inasema watu wao wanaweza kuja kukagua. Baba mdogo alipoisoma alicheka. Akasema, "Andika amekufa. Yatima ndio hupewa kwanza." Anamjua mtu wa kututengenezea cheti cha kifo. Na siku ya wakaguzi, anasema, tuwapeleke kwa bibi kijijini Lumino, kwenye nyumba ya nyasi, tupigwe picha pale kana kwamba ndipo tunapoishi. Mwenyekiti naye amesema ataandika lolote tunalotaka, tumpe 50,000.

Mama amekubali ya nyumba ya nyasi. Ya baba amekataa. Alisema, "Ukimwandika amekufa leo, siku akifa kweli utalia nini?" Tangu hapo hazungumzi na baba mdogo.

Shangazi yangu wa kweli, yule aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, ana wazo lake. Mtoto wake yuko chuo Kenya na serikali inamlipia sehemu kubwa kwa sababu alipimwa akaonekana ni mhitaji. Anasema nipatiwe kitambulisho cha Kenya, majina yetu si yanafanana?

Nimesikia pia habari za mkopo wa serikali. Mama hataki kusikia neno hilo. Anasema deni la serikali litanifuata mpaka kwa mume.

Nilikaa usiku mmoja nikaijaza fomu kwa ukweli mtupu: baba yupo, nyumba ya matofali, mama anafanya biashara. Nilipoisoma nikamwona msichana asiye na shida yoyote. Nikaichana. Nisipodanganya, nitaaminiwa vipi?

Binti wa Mukene, Busia

*

Mwanangu Binti wa Mukene,

Mama yako amejibu sehemu ngumu kuliko mimi, kwa hiyo hiyo siiongezei maneno mengi. Baba yako usimzike. Tuseme uchungu wake tumeuweka pembeni: taarifa zako za kitambulisho cha taifa zina majina ya wazazi wako, vifo navyo huandikishwa katika mamlaka ileile ya vitambulisho, na cheti cha kuchonga hakina mzizi huko. Anayetaka kukujua anauliza tu. Na huyo "mtu" wa baba mdogo, siku mambo yakiharibika, hatakuwa na jina wala simu. Jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako, nawe bado hujaingia hata darasa la kwanza la chuo. Kughushi hati ili upate pesa ni kosa la jinai hapa kwetu, na wewe si mtoto tena mbele ya sheria.

Lumino nako usiende na begi. Wakaguzi wanaokuja nyumbani hawaji kuangalia paa peke yake. Huzungumza na majirani. Huuliza mtoto anayecheza nje, "Dada yenu analala wapi?" Na mtoto wa jirani, mwanangu, husema ukweli bila kuombwa barua ya LC. Tena fikiria: bibi yako ana heshima zake pale kijijini. Nyumba yake ya nyasi ni nyumba yake. Mnataka kuifanya jukwaa la maigizo, na yeye asimame mlangoni akiigiza?

Basi twende kwenye swali lako lenyewe, la mwisho kabisa, maana hapo ndipo uliponigusa. Umejaza ukweli, ukaona msichana asiye na shida. Unajua kwa nini? Kwa sababu hukujaza ukweli. Ulijaza majina ya vitu. "Baba yupo." "Nyumba ya matofali." "Mama anafanya biashara." Hayo ni maneno matatu ambayo hata mke wa waziri angeyaandika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeuficha uchi wako ndani ya ukweli. Uhitaji haupimwi kwa majina ya vitu. Unapimwa kwa hesabu: kinachoingia, midomo inayokisubiri, kinachobaki, na kinachodaiwa na chuo. Hiyo hesabu sikuiona popote kwenye barua yako, isipokuwa ada tu.

Tuifanye pamoja. Sijui mapato ya mama yako, kwa hiyo hizi tarakimu ni za mfano. Wewe utaweka za kwenu.

Mukene huvuliwa usiku, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haina kazi, mzigo unapungua Majanji na bei inapanda. Mvua ikishika, iliyopatikana haikauki, inanuka, inauzwa kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo mtu akikuuliza mama anapata ngapi kwa mwezi, usimpe namba moja ya kubahatisha. Mwambie kuna wiki za giza na wiki za mwezi. Tuseme wiki ya giza anapata faida ya 15,000 kwa siku, siku sita: 90,000. Wiki ya mwezi au mvua anaambulia 40,000 wiki nzima. Wiki mbili nzuri na mbili mbaya, hiyo ni 260,000 kwa mwezi.

Sasa toa. Chakula cha watu watano, 5,000 kwa siku, kinakula 150,000. Wadogo zako watatu hata wakisoma shule zinazoitwa za bure, kuna chakula cha mchana, kuna sare, kuna karatasi za mitihani, weka 40,000. Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji, sabuni na dawa ya malaria, 35,000. Jumla 225,000. Zinabaki 35,000, na hapo hakuna msiba wala harusi. Muhula ni kama miezi minne. Mama yako akijinyima kila kitu anaweza kukupa 140,000.

Upande wa pili weka gharama zako. Ada na zile nyingine ni 2,050,000. Kitanda katika hosteli ya kawaida Kampala, kushirikiana na mwenzako, tuseme 600,000. Chakula 6,000 kwa siku. Muhula wenye wiki 17 una siku 119, kwa hiyo ni 714,000. Basi la kwenda na kurudi, 60,000. Jumla 3,424,000. Toa 140,000 za mama. Pengo ni 3,284,000 kwa muhula mmoja.

Nyumba ya matofali iko wapi katika hesabu hiyo? Haimo. Tofali haliingizi shilingi, labda mngekuwa mnapangisha chumba, na kama mnapangisha, andika. Ila usiikimbie nyumba, maana wataiona. Ieleze kwa sentensi tatu: nani aliijenga, mwaka gani, kwa pesa ipi. Kisha piga picha ya upande usiopakwa rangi na ya ndani pia, bila kupanga vitu na bila kuvipangua. Nimeshaona watu wakificha redio uvunguni siku ya picha. Redio haijawahi kumnyima mtu ufadhili. Waya wa redio unaochungulia chini ya kitanda, huo ndio unaoharibu.

Na baba? Kati ya yatima na mwenye wazazi wote wawili kuna watoto wengi sana ambao fomu nyingi hazina kisanduku chao. Wewe ni mmoja wao: mzazi yu hai, hatunzi. Usilazimishe kisanduku. Weka alama kwamba yupo, kisha tumia sehemu ya maelezo, au karatasi ya ziada, kusema kwa ufupi kwamba kaya inaongozwa na mama na tangu lini. Ushahidi unao mfukoni. Laini ya mama ina rekodi ya pesa za simu. Aende kwa wakala mkuu wa mtandao wake na kitambulisho, aombe taarifa ya miamala ya mwaka mmoja au miwili. Zile 100,000 za Krismasi zitaonekana pale, na ukimya wote uliofuata utaonekana pia. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko cheti cha kughushi, nayo haikuhitaji kumwua mtu. Itaonyesha hata mzunguko wa biashara ya mukene, wiki za giza na za mwezi.

Jambo moja dogo kumhusu yeye. Kabla hujatuma fomu, mwandikie ujumbe, usimpigie. Usimlaumu. Mwambie umepata chuo, ada ni kiasi gani, na umuulize anaweza kuchangia ngapi kwa muhula. Akijibu 50,000, hiyo ni 50,000, iingize kwenye hesabu. Asipojibu, una tarehe ya ujumbe wako. Mimi nina matumaini machache kuliko wewe, lakini madereva wa masafa marefu nimewaona wengi, na aibu huwafanya wanyamaze zaidi kuliko ubaya wa moyo.

Twende kwa mwenyekiti. Watu wengi hulipa kitu kidogo cha muhuri na karatasi, hilo tumelizoea hata kama hatulipendi. Lakini 50,000 za "nitaandika lolote" ni bei ya uongo, na ukishaacha kununua uongo bei inashuka yenyewe. Nenda na mama, mchana, mwambie mnataka barua inayosema mambo manne tu: mnaishi hapo tangu mwaka fulani, mama ndiye mkuu wa kaya, anauza mukene, ana watoto wanne anaowatunza. Akikaza, halmashauri ya LC1 ina watu kumi, si yeye peke yake. Mwone katibu, kisha mkuu wa parokia, ile ya serikali, si ya kanisa. Shule uliyomaliza nayo inaweza kukuandikia barua. Mwalimu mkuu anajua nani alikuwa akifukuzwa kwa karo na nani hakuwahi. Na hapo nikukumbushe: wakaguzi hupenda kuuliza shule ulizosoma na nani alilipa. Kama A-level ulilipiwa na kanisa, msikiti au mjomba, sema. Wasije wakaona shule ya bweni wakajijibu wenyewe.

Habari za ng'ambo ya mpaka. Ni kweli, Kenya tangu 2023 imekuwa ikimpima mwanafunzi kwa hali ya nyumbani kwao, kisha inampa fungu la ruzuku na fungu la mkopo kulingana na kiwango chake. Binamu yako halipiwi bure yote: sehemu ni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya, atakaourudisha, na kuna sehemu ambayo familia imehesabiwa kwamba itaitoa. Mpango wenyewe ni wa raia wa Kenya. Kama una haki ya uraia huo kwa mzazi, hilo ni jambo lingine na lina ofisi zake. Kufanana kwa majina si uraia. Ingekuwa hivyo, pale mpakani nusu ya soko tungekuwa Wakenya. Mshukuru shangazi yako kwa huruma, na umwombe jambo moja la maana: akutumie nakala ya maswali aliyoulizwa mtoto wake. Utaona wanauliza yaleyale niliyokuhesabia hapo juu.

Kwetu mambo yalienda njia nyingine. Zamani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukiingia Makerere serikali ilikulipia, ikakulaza, ikakulisha na kukupa pesa ya mfukoni. Kisha vyuo vikafungua mlango wa wanaojilipia, na mlango huo ukawa mpana kuliko ule wa kwanza. Leo serikali hulipia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vyake, wengi wao kwa alama, wengine kwa mgawo wa wilaya, wachache kwa michezo na kwa ulemavu. Alama hazijui mbalamwezi. Mtoto wa shule ya mamilioni ya Kampala na mtoto wa Busia wanafanya mtihani uleule wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, halafu tunamlipia aliyeshinda kana kwamba walianza mbio mstari mmoja. Mgawo wa wilaya uliletwa ili kupunguza kasoro hiyo, na unaipunguza, lakini haijaisha. Nimelisema, limenitoka, tuendelee.

Kwa mtu kama wewe, msaada mkubwa wa serikali unaotazama uhitaji ni mkopo wa Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Najua neno mkopo limefungiwa mlango kwenu, lakini nisikilize kabla mama hajaniita mchonganishi. Bodi hulipa ada ya masomo, zile ada nyingine za chuo na gharama za utafiti. Mwenye ulemavu husaidiwa na vifaa pia. Pesa haziji mkononi mwako, zinakwenda chuoni moja kwa moja. Tangu mwanzo mkopo huu umeelekezwa zaidi kwenye kozi za sayansi na teknolojia, kwa hiyo maabara yako imekaa vizuri. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukiajiriwa mwajiri hukata kwenye mshahara na kupeleka. Deni ni la jina lako. Mume wako mtarajiwa, popote alipo leo akicheza mpira, hadaiwi.

Hata hivyo mama yako si mjinga kuogopa. Deni ni deni. Ukimaliza ukakaa miaka miwili bila kazi, litakuwepo likikungoja. Anayekuambia mkopo ni ruzuku anakudanganya, na kama msaada usiorudishwa ungetosha kila kitu ningekuambia uuache mkopo. Lakini tazama hiki: mkopo wa Bodi hauhusiki na kitanda wala sahani yako. Wapo wasichana wanaoacha chuo mwaka wa kwanza hali ada yao imelipwa. Kinachowarudisha nyumbani ni hosteli na njaa, au mwanamume anayejitolea kulipia hosteli. Umenielewa.

Kwa hiyo mimi ningegawanya pengo lako mara mbili. Ile 2,050,000 ya chuo niipeleke Bodi. Zinazobaki, yaani 600,000 za kitanda, 714,000 za chakula na 60,000 za basi, ukitoa 140,000 za mama, ni 1,234,000 kwa muhula, au 2,468,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo ningeiombea ufadhili huu usioutaja jina, kama masharti yao yanaruhusu kulipia malazi na chakula. Kama wanalipa ada tu, waombe ada, na mkopo uwe mdogo au usiwepo. Soma masharti kwanza. Kuna wafadhili wasiotaka uwe na msaada mwingine, na kuna wanaofurahi kuona umejitafutia nusu. Katika yote mawili waeleze umeomba wapi. Hapo napo ukweli una faida ya kihesabu: mtu anayeombwa 2,468,000 zilizochambuliwa huona anaweza kumaliza shida. Anayeombwa "msaada wowote" huona shimo.

Hukutaja chuo chako. Kama ni Makerere, ulizia mpango wa Mastercard Foundation ulioko pale chuoni kwa vijana wenye uwezo darasani wasio na uwezo wa pesa. Wakfu wa Madhvani nao umekuwa ukiwasaidia raia wa Uganda walioko vyuoni, na hutangaza magazetini. Tazama tarehe za tangazo la mwaka huu, usitegemee la mwaka jana lililobandikwa duka la fotokopi. Na usidharau vidogo vya karibu: parokia yenu, msikiti, chama cha akiba cha wanawake wa sokoni. Wanawake wa mukene wakichanga 5,000 kila mmoja, watu ishirini ni 100,000, nauli na godoro hilo.

Atakayekupigia simu kusema "jina lako limepita, tuma 30,000 za kufungulia faili" mwache aongee mpaka salio lake liishe. Msimu wa matokeo hao huota kama uyoga.

Ikiwa majibu yatachelewa kuliko siku ya kuripoti, nenda mwenyewe ofisi ya msajili wa masomo na barua zako, uulize mambo mawili: unaweza kuandikishwa kwa kulipa sehemu, au unaweza kuahirisha kuanza mpaka mwaka ujao bila kupoteza nafasi? Omba jibu la maandishi. Wanachuo huuita mwaka wa kuahirisha "mwaka uliokufa," jina baya, lakini nafasi iliyoahirishwa kwa barua ni hai kuliko nafasi uliyoiacha kimya.

Sasa ile fomu uliyoichana. Chukua nyingine. Najua itajazwa kwa Kiingereza, ila maelezo yako yaandike kwanza kwa lugha unayowazia, kisha uyahamishe. Ukianza na Kiingereza utaandika "I am humbly requesting" kama wenzako mia nne. Mimi ningeanza hivi, nawe ubadilishe tarakimu:

"Naishi Busia na mama yangu na wadogo zangu watatu. Baba yangu yu hai na anafanya kazi nje ya nchi. Mara ya mwisho kututumia pesa ni Desemba ya mwaka juzi, na taarifa ya pesa za simu nimeiambatisha. Nyumba tunayoishi aliijenga yeye mwaka 2014. Mama anauza mukene. Wiki zisizo na mbalamwezi anapata kama 90,000, wiki nyingine kama 40,000. Baada ya chakula na shule za wadogo zangu hubaki kama 35,000 kwa mwezi. Nimeomba mkopo wa serikali kwa ajili ya ada. Ninachokosa ni mahali pa kulala na chakula, shilingi 1,234,000 kwa muhula, na mchanganuo uko ukurasa unaofuata."

Isome hiyo, uniambie kama bado unamwona msichana asiye na shida.

Mpe mama daftari la kurasa 48 leo jioni. Kila siku akirudi sokoni akutajie amenunua kwa ngapi na ameuza kwa ngapi, wewe uandike, hata siku ya hasara. Wiki nne zitoshe, ziguse mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Na baba mdogo mpelekeeni chai. Mwambieni kazi mliyomtafutia ni kumpigia kaka yake Juba, kwa simu ambayo huyo kaka hajaizoea namba yake.

Shangazi